Mzuri, Lakini Mwingi

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Uongo mtupu. Mapenzi yangu yalifichwa kwa leso mbili na shuka moja ya kitanda, mchana kweupe, uani kwa baba yangu kule Kathiani, na mwanamume aliyeapa kwamba angenijua hata gizani alinipita kama mtu anavyoipita nguzo ya stima.

Ilikuwa Jumamosi ya ntheo yangu, Agosti ya mwaka elfu mbili na mbili. Kwetu Ukambani msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waingie kwao. Unaweza kuwa na pete, keki na picha za harusi. Bila mbuzi hao watatu wewe ni mgeni tu nyumbani kwa mumeo. Mbuzi wangu walikuwa njiani kutoka Katelembo. Aliyewaleta ni Kimeu, dereva wa greda, mrefu, mweusi, mwenye kicheko kinachoanzia mabegani. Kazi ilikuwa imempeleka Lodwar tangu mahindi yalipopandwa, na sasa mahindi yalikuwa ghalani. Muda wote huo hatukuonana. Alinipigia simu mara chache kutoka kibanda cha posta, upepo ukinguruma nyuma yake, na kila mara alimalizia kwa neno moja la Kikamba: "Mwendwa." Mpendwa. Kisha simu ikakatika.

Kuna jambo sikumwambia kwenye simu hizo.

Kabla hajasafiri alinipeleka kwao kunijulisha kwa mama yake. Mama Kimeu alinipakulia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, akanitazama nikila, akanitazama nikiinuka kunawa, kisha akamfuata dada yake jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa la mabati, na mabati hayajui siri.

"Msichana ni mzuri," nikamsikia akisema. "Lakini ni mwingi."

Angesema mnene ningezoea. Nimeitwa mnene tangu darasa la kwanza. Lakini mwingi! Kama mafuriko. Kama wageni wasioalikwa. Nililibeba neno hilo mpaka Machakos mjini, ambako nilikuwa nikipiga taipu kwa wakili mmoja, na nikalitua kwenye kiti cha Khadija, msusi wangu.

"Maji moto, limau nusu, tumbo tupu, kila asubuhi," Khadija aliniambia, kitana mkononi. "Na usitie sukari, habibti. Ukitia sukari umekunywa sharubati."

Nyuma ya jiko letu kuna mlimau mkubwa. Malimau yake yalikuwa ya mafua na ya kung'arishia sufuria tu. Kuanzia siku hiyo yakawa yangu. Nilikunywa uso umejikunja hata mama akaniuliza ni nani amenitukana asubuhi yote hiyo. Nikaacha mandazi ya saa nne kazini. Jioni nikawa napanda kilima chetu kwa miguu, viatu mkononi. Ni lipi lililofanya kazi? Khadija ataapa ni limau. Miguu yangu itaapa ni kilima. Ninachojua ni kwamba sketi zilianza kunizunguka kiunoni kama watoto wanaocheza, na pete ya Kimeu ikabidi niifunge uzi ili isidondoke.

Sikumwambia kwa sababu nilikuwa na mpango. Katika ntheo wasichana hufunikwa gubigubi, na bwana hutafuta wake. Nilitaka akifunua leso anikute mimi mpya, apotewe na maneno mbele ya mama yake. Niliiota sekunde hiyo mpaka nikaijua kwa moyo.

Sasa tulikuwa sita kwenye benchi, tumekaa, tumefunikwa toka utosini hadi vidole vya miguu. Shangazi Katumbi, dada yake baba, alikuwa akikagua kama sajini.

"Hakuna kukohoa. Hakuna kucheka. Hakuna kutoa kidole. Msichana anayejifunua mwenyewe amejitoa bure, na aibu hiyo ni ya ukoo mzima. Mmesikia?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe Kalunde, hasa wewe. Mdomo wako naujua, niliulisha uji."

Kando yangu binamu yangu Mumbua alikuwa akitafuna kitu. Mumbua ana mwili niliokuwa nao mimi zamani, na raha ya kuumiliki ambayo sikuwahi kuwa nayo.

"Kalu," akanong'ona, "akinichagua mimi, mbuzi mmoja ni wangu peke yangu."

"Hawezi kukuchagua. Ananijua."

"Anakujua wewe yupi?"

Vigelegele vilikuwa vimepanda kilimani, na chini ya vigelegele nilisikia mbuzi wakilia. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa leso itacheza.

Msemaji wao alikuwa Mzee Wathome, amiye Kimeu, mwenye sauti ya kanisani. "Mzee Urbanus," alimwambia baba, "mbuzi wetu wametembea wamechoka. Wameambiwa hapa kuna zizi."

"Zizi liko," baba akajibu. "Lakini kijana wenu atuonyeshe kwanza anachokitafuta. Sisi hatuuzi gunia bila kufungua."

"Hata mnifunge macho, mzee," akasema Kimeu.

Sauti yake! Si ile ya simu, iliyopasuliwa na upepo. Ilikuwa nzima, hapo hapo, karibu. Nikauma mdomo nisicheke kwa furaha. Kupitia nyuzi za leso niliona kivuli chake kikija, na viatu vya kahawia ambavyo vumbi la Lodwar lilikuwa limekataa kutoka. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Akasimama mbele yangu.

Nikamtabasamia ndani ya giza langu. Nione, nikamwambia kwa moyo. Nione sasa.

Akasonga.

"Huyu hapa," akasema, kwa uhakika wa mtu anayefungua mlango wa kwao. "Huyu ningemjua hata kwa kivuli."

Leso ikafunuliwa, na Mumbua, shavu limejaa chapati, akamwambia: "Karibu, shemeji."

Uwanja ulilipuka. Wajomba walipiga mapaja, shangazi walikaa chini kwa kucheka, na baba alicheka hadi akavua kofia. Mimi peke yangu sikucheka. Machozi yalikuwa yakinitoka chini ya leso na sikuweza hata kuyafuta.

"Faini!" akapiga kelele Shangazi Katumbi. "Kreti ya soda, na blanketi langu, zito, si lile la kuonyesha mwanga!"

Vicheko vilipopungua, Mama Kimeu alisimama. Nilimjua kwa namna alivyosafisha koo.

"Mimi sicheki," akasema. "Mimi naona ni ishara. Moyo ukikosa njia, si umekataa? Tusiwalazimishe watoto."

"Mama, tafadhali," Kimeu akasema.

"Sijasema kitu. Nimesema ni ishara."

Baba hakupenda. Nilisikia kofia ikirudi kichwani. "Basi na mimi niseme kawaida ya boma hili, iliyowekwa na baba yangu. Kukosa mara moja ni mchezo. Akikosa mara ya pili, mbuzi wanarudi walikotoka, na nyinyi mnarudi mwaka ujao kama bado mna hamu."

"Tumekubali," akasema Mzee Wathome, taratibu, kama mtu anayekubali kupimwa damu.

Wakatuingiza ndani kutupanga upya. Mumbua alinishika mkono chini ya mashuka.

"Anamtafuta Kalunde wa zamani," nikamwambia. "Mumbua, atakosa tena."

"Si nilikuambia umwambie kwa simu!"

"Nilitaka kumshtua."

"Haya. Ameshtuka."

"Woi, usinichekeshe, nitalia tena."

"Mwaka ujao ni mbali, Kalu," akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Na yule mama amepata sababu aliyokuwa akiitafuta."

Tukarudi benchi. Sasa mwenye mwili mkubwa kushinda wote, ukimtoa Mumbua, alikuwa Wangechi, binti wa mwenye duka sokoni, na walimkalisha mwisho kabisa. Mimi walinikalisha katikati. Nilivyojikunja, nadhani nilionekana kama mtoto aliyekuja kujaza nafasi.

Kimeu hakujigamba tena. Alitembea polepole. Alisimama mbele ya Mumbua, akatikisa kichwa: kosa hilo alikuwa ameshalifanya. Akafika kwangu. Nilisikia pumzi yake. Kati yangu na yeye palikuwa na kipande cha pamba tu, cha kupasuliwa kwa kidole, nami nilikatazwa hata kukohoa.

"Kalunde," akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na benchi lote. "Najua uko hapa. Nimesafiri mchana na usiku. Usiniache nirudi hivi."

Niliiuma leso kwa meno.

Naye akaondoka. Hatua, hatua, hatua, mpaka mwisho wa benchi, mpaka kwa Wangechi. Nikaona kivuli cha mkono wake kikiinuka.

Nilifikiria mwaka ujao. Nilifikiria Mama Kimeu akishuka kilima na mbuzi wake, akiwa amenyooka mgongo. Kisha sikufikiria kitu. Nilisimama, nikarusha leso mbili na shuka ya kitanda nyuma ya benchi, nikapiga kelele:

"Kimeu wa Katelembo! Ukimgusa huyo, usinitafute tena maisha yako yote!"

Hata mbuzi waliacha kulia.

Kimeu akageuka. Akanitazama kama mtu anayesoma jina lake limeandikwa kwa mwandiko asioujua. Macho yake yalipita kwenye shingo, kwenye mifupa ya mabega ambayo hakuwahi kuiona, yakashuka kiunoni, yakarudi juu yamepotea. Halafu yakakutana na macho yangu, na hapo yakatulia. Nikaona akinipata. Nilikuwa nimeota atakuwa na furaha. Sikuota atakuwa na hofu.

"Kalunde?"

"Ndiye."

"Umekuwa mgonjwa?" Miaka hiyo ya ukimwi mtu akikonda watu walihesabu mazishi. "Niambie. Umekuwa mgonjwa na hukuniambia?"

"Sijaugua hata mafua. Ni maji moto na limau."

"Na nini?"

"Limau!"

Wajomba wakaanza kucheka upya, lakini Mama Kimeu alikuwa ameshika mashavu. "Aiya! Mtoto wa watu amekwisha! Kwani hapa hamli? Nani amemmaliza msichana wetu?"

Msichana wetu. Nilimsikia vizuri.

"Mimi niko na gunia tatu za mahindi ghalani," mama yangu akajibu kutoka mlango wa jiko, mwiko mkononi. "Usiniulize kama tunakula."

Kimeu alikuwa amenifikia. Sasa alikuwa amekasirika, na hasira yake ilinipendeza kuliko hofu yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini ulinipita? Mara mbili, Kimeu! Ulisimama hapa nikasikia pumzi yako!"

"Nilikuwa nakutafuta wewe!"

"Mimi si ndiye huyu!"

"Nilikuwa natafuta niliyemwacha!" Akapiga kifua. "Huko Lodwar kuna joto hata mchanga unalia. Usiku tunalala kwa hema, nafunga macho, nakuona unavyoingia kwa mlango wa ile hoteli ya stendi, kwa ubavu, unacheka, kiti kinalia ukikaa. Huyo ndiye aliyeniweka hai. Nimekuja na yeye kichwani mpaka hapa. Ulitaka nikujue vipi, na umeniibia?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba niliingia mlangoni vizuri. Hasira yangu iliteleza, nikaishika kwa kucha.

"Nani alikuambia upungue?" akauliza. "Mimi?"

"Si wewe."

"Ni nani?"

"Achana na hayo."

"Kalunde. Ni nani?"

Naapa nilikusudia kunyamaza. Lakini Shangazi Katumbi alisema kweli, mdomo wangu anaujua.

"Ni mama yako. Siku ile ya muthokoi. Alisema msichana ni mzuri, lakini ni mwingi."

Neno hilo lilitembea uwanjani, mtu kwa mtu. Wanawake wa upande wetu walilirudia kimyakimya kama wanaoonja chumvi. Mwingi? Ati mwingi?

"Nilisema nikicheka," akasema Mama Kimeu.

"Na mimi nilisikia nikilia," nikamjibu.

Kimeu akamgeukia mama yake. Hakupaza sauti. "Mama, huo wingi ndio nilioupenda."

Huo ndio ungekuwa wakati wa mimi kulia na kumwangukia. Wanawake wote walikuwa wameshaandaa vigelegele. Lakini nilikuwa nimekunywa uchachu mwingi mno kwa ajili ya maoni ya watu wengine, na sikukubali mambo yaishe hivyo hivyo.

"Ngoja, Kimeu. Na mimi nisikilizwe. Nilianza kwa kumkasirikia mama yako, ni kweli. Lakini niliendelea kwa raha yangu. Nakipanda kilima hiki nikiimba. Naamka kabla ya jogoo na mwili wangu unaniitikia. Huenda nitanenepa tena nikizaa, huenda nisinenepe. Hayo ni yangu. Usinirudishe kwa yule wa zamani kwa sababu umemzoea, na mama yako asinisukume kwa mwingine kwa sababu anampenda. Aliyesimama mbele yako ni mmoja. Mchague, au umwache."

Mabega ya Kimeu yakaanza kutikisika, pale pale kicheko chake kinapoanzia siku zote.

"Hayo maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Ya limau. Nataka kuonja kilichoninyang'anya nusu ya mke."

Mumbua, ambaye hapotezi nafasi, alikuwa ameshakimbia jikoni. Akarudi na kikombe changu cha bati kikitoa mvuke. Kimeu akakipuliza, akanitazama juu ya ukingo wake, akanywa. Uso wake ulijikunja kama gazeti linalotupwa motoni. Uwanja mzima ukapiga yowe la furaha.

"Ngai! Hii umekunywa kila siku?"

"Kila asubuhi."

"Bila sukari?"

"Ukitia sukari umekunywa sharubati."

Akanywa tena, mpaka tone la mwisho, macho yake hayajaniacha hata kidogo. Machozi ya uchachu yalimshuka, au sijui kama ni ya uchachu. Nami nikajua, joto likinipanda toka nyayo, kwamba huyu ndiye mwanamume nitakayegombana naye mpaka meno yetu yaishe.

"Mwanamke anayeweza hii," akautangazia uwanja, "anaweza Lodwar, anaweza jua, anaweza mimi. Nimemchagua. Huyu huyu."

Vigelegele vikapasuka. Lakini Mzee Wathome aliinua mkono, na katika mkono huo alikuwa bado ameshika kamba ya mbuzi.

"Polepole. Binti alijifunua mwenyewe mbele ya wazee. Kwetu hilo halipiti hivi hivi."

"Hata kwetu," akasema Shangazi Katumbi, na uso wake haukuwa na mzaha. "Nilimwonya. Kabla mbuzi hawajafungwa, aombe msamaha kwa pande zote mbili."

"Na mimi pia," akasema Mama Kimeu. "Amenitaja mbele za watu."

"Mama," baba akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akinibembeleza, "ni neno moja tu. Liseme tumalize, nyama inangoja."

Macho yote yakanigeukia. Kamba ilikuwa bado mkononi mwa Mzee Wathome, na njia ya kushuka kilima ilikuwa wazi nyuma yake.

Kimeu ndiye aliyesogea. Alimwendea amiye, akamwinamia kwa heshima, akamfungua vidole kimoja kimoja kama anayemfungua mtoto ngumi, akaichukua kamba. Akawavuta mbuzi watatu mpaka nyuma ya jiko, akawafunga kwenye mlimau. Yule beberu akanyoosha shingo papo hapo, akaanza kula majani.

"Wameingia kwao, basi ameolewa," akasema Kimeu. "Kama kuna wa kuomba msamaha hapa, ni mimi niliyempita mara mbili. Nisamehe, Mwendwa."

Hili halikuwa lile la simu. Halikukatika.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

"Vizuri sana," akasema Shangazi Katumbi. "Naye ameonyesha njia. Sasa ni zamu yako, Kalunde. Tunangoja."

Nikamtazama yeye, aliyenilisha uji. Nikamtazama Mama Kimeu, aliyekuwa akisubiri mikono imekunjwa kifuani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye mwenyewe ni mwanamke mwingi, na labda kuna mtu aliwahi kumwambia hivyo jikoni kwa watu. Nilimhurumia. Lakini kumhurumia mtu si kusema uongo.

"Shangazi, ningenyamaza, angekwenda nyumbani na Wangechi, au angekwenda bila mtu. Mama Kimeu, nilirudia maneno yako kama yalivyo, sikuongeza hata chumvi. Nitawapikia nyote, nitawanawisha mikono, nitawaheshimu mpaka nizeeke. Lakini msamaha siombi."

"Hata kidogo?" akauliza baba, kwa unyonge.

"Hata kidogo."